Dalia, krisanthemu au asta: ua gani likufikishe Novemba?

Ikifika katikati ya Septemba, bustani nyingi za Uingereza huonekana zimechoka. Waridi limebakiza ua moja moja, petunia zimebaki vijiti, nyasi zinashinda na umande hadi saa nne asubuhi. Wenye nyumba wengi hapo hufunga hesabu za mwaka: viti vinaingizwa ndani, mpira wa maji unakunjwa, tutaonana Machi. Na ni wiki hizohizo ambapo supamaketi hupanga mlangoni vyungu vya krisanthemu vilivyofurika maua ya rangi ya shaba, njano na zambarau, kwa bei isiyouma. Unabeba kimoja, unakiweka kibarazani, na kabla Novemba haijaisha kimeshaingia pipa la taka.

Kutoka hapo hadi mwisho wa Novemba kuna wiki kumi, na hata bustani ya hatua tano kwa nne inaweza kuwa na maua karibu muda wote huo. Mimea mitatu ndiyo inayobeba kazi hiyo katika nchi za baridi: dalia, krisanthemu na asta. Yote ni ya jamii moja na alizeti, yote hupenda jua, na yote hupatikana karibu kila duka la mimea. Tabia zake ndizo zinazopishana. Anayechagua kwa kuangalia rangi kwenye picha huwa ameangalia nusu tu ya anachonunua. Nusu nyingine ni hii: mmea utafanya nini usiku wa jalidi ya kwanza, na wewe utatakiwa kufanya nini kesho yake?

Tuanze na jalidi

Jalidi ni ule umande unaoganda usiku anga likiwa wazi na upepo umetulia, ukaamka ukakuta nyasi nyeupe na kioo cha gari kinahitaji kukwanguliwa. Kusini mwa Uingereza mara nyingi huingia mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Katikati ya London, ambako majengo hutunza joto, huweza kuchelewa zaidi, na kwenye mabonde ya Scotland huweza kuja Septemba. Walioko Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, huipata mapema Oktoba. Kabla ya kununua chochote, muulize jirani aliyeishi mtaani kwako miaka mingi: jalidi hufika lini? Jibu lake lina uzito kuliko maandishi ya nyuma ya pakiti.

Dalia haiivumilii kabisa. Asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati, na mwili wake umejaa maji. Usiku mmoja chini ya nyuzi sifuri unatosha: asubuhi majani ni meusi na yamelegea kama mchicha uliochemshwa, na ua ulilopanga kulikata Jumamosi limekwisha. Krisanthemu za bustani hustahimili jalidi nyepesi. Kingo za petali huungua kidogo, lakini matumba yaliyofungwa huendelea kufunguka siku zikitulia. Asta nayo haishtuki. Aina nyingi zinazopandwa zilitoka Amerika Kaskazini, kwenye maeneo ambako nyuzi 20 chini ya sifuri si habari, na hata shina likikauka mizizi inalala salama mpaka majira ya kuchipua.

Kwa mwenye haraka, hali iko hivi:

| | Dalia | Krisanthemu ya bustani | Asta |
|---|---|---|---|
| Maua | Julai hadi jalidi ya kwanza | Septemba hadi Novemba, kutegemea aina | Julai au Agosti hadi Oktoba, kutegemea aina |
| Urefu | sm 40 hadi m 1.5 | sm 50 hadi 90 | sm 30 hadi m 1.5 |
| Jalidi nyepesi | Huua sehemu ya juu | Hustahimili | Hustahimili |
| Yakikatwa na kuwekwa majini | Siku 4 hadi 6 | Wiki 2 au zaidi | Hadi wiki moja, mengine hujifunga |
| Kazi ya majira ya baridi | Kung'oa au kufunika viazi | Kuzuia maji yasituame | Karibu hakuna |

Jedwali halisemi yote, maana kila safu ina visa vyake.

Dalia

Kwa wingi wa maua hakuna kinachoishinda. Dalia ina tabia ambayo mimea mingi haina: ukikata, inaongeza. Mmea mmoja uliopandwa mwishoni mwa Mei unaweza kukupa maua ya mezani kila wiki kuanzia Agosti, na Septemba, wakati mimea mingine inafunga virago, yenyewe ndiyo inafika kileleni. Maumbo yake nayo hayahesabiki. Kuna ndogo za mviringo zilizojipanga petali kwa petali, kuna zenye petali zilizochongoka, kuna zilizo wazi na kitovu cha njano, na kuna zile kubwa zinazojaa sahani, kama 'Café au Lait', ambayo maharusi wengi huipenda kwa rangi yake ya maziwa na kahawa.

Hapa nina maoni yangu. Hizo kubwa ni za picha. Mvua ya Oktoba ikinyesha usiku kucha, ua la upana wa sentimita 20 linajaa maji, shina linapinda, na asubuhi uso uko kwenye matope. Kwa hali ya hewa ya Uingereza mimi hupendekeza za ukubwa wa ngumi ya mtoto au chini ya hapo. Vilevile 'Bishop of Llandaff' haijapitwa: maua mekundu yaliyo wazi juu ya majani meusi ya hudhurungi. Ilizalishwa Cardiff mwaka 1924, na bado inauzwa karibu kila mahali. Mchanganyiko ule wa jani jeusi na ua jekundu kwenye mwanga wa chini wa saa kumi jioni ya Oktoba ndio unaowafanya watu wasimame kwenye uzio wako.

Kuna wakati watunza bustani wa Kiingereza waliojiona wastaarabu waliidharau dalia, wakisema rangi zake zinapiga kelele. Christopher Lloyd, mwenye bustani ya Great Dixter kule East Sussex, hakuwasikiliza. Miaka ya 1990 aling'oa bustani ya waridi ya familia yake akaweka migomba, maua ya kana na dalia. Leo kelele hizo ndizo watu wanazolipia kiingilio.

Sasa gharama. Dalia hununuliwa kama kiazi kikavu kati ya Februari na Aprili. Hukiweki nje mpaka hatari ya jalidi ya majira ya kuchipua iishe, yaani mwishoni mwa Mei sehemu nyingi. Mche ukifika sentimita 30 hadi 40 unakata ncha ili utoe matawi. Unasimika vijiti na kuufunga kabla haujaanza kuyumba, kwa sababu ukisubiri uyumbe umeshachelewa. Koa wanapenda vichipukizi vyake kuliko kitu chochote kingine bustanini, na Mei yenye mvua wanaweza kumaliza mche mzima kwa usiku mmoja. Kuanzia Julai inataka maji ya kutosha na mbolea yenye potasiamu nyingi, ileile ya nyanya. Na kila baada ya siku mbili tatu unapaswa kuondoa maua yaliyokwisha, la sivyo mmea unahamishia nguvu kwenye mbegu na maua yanapungua.

Hili la mwisho huwachanganya wanaoanza, kwa kuwa tumba na ua lililokwisha hufanana. Shika kwa vidole viwili. Tumba ni la mviringo, bapa kidogo juu, gumu kama kifungo. Ua lililokwisha limechongoka, na ukilibana ni laini na linatoa maji. La mviringo liache, lenye ncha likate, na ukate chini kwenye kifundo cha majani, si shingoni, usije ukaacha msitu wa vijiti vitupu.

Halafu unakuja usiku ule. Baada ya majani kugeuka meusi, kata shina ubakize sentimita 10 hadi 15 na ung'oe fungu zima la viazi kwa uma wa shambani, ukianzia mbali ili usiyavunje mashingo. Shina la dalia lina uwazi ndani, kwa hiyo lisimamishe kichwa chini kwa wiki moja au mbili maji yote yatoke, vinginevyo uozo utaanzia hapo na kushuka. Kisha vifukie kwenye mboji kavu au mchanga mkavu ndani ya sanduku, mahali pasipoganda na pasipo na joto la hita. Usidhani ni kama kiazi mbatata ambacho jicho linaweza kuota popote. Macho ya dalia yako shingoni tu, pale kiazi kinapokutana na shina. Kiazi kinono kilichokatika bila kipande cha shingo hakitaota kamwe, hata ukikibembeleza.

Kwenye maeneo yasiyo na baridi kali na udongo usiotuamisha maji, wengi huviacha ardhini na kuvifunika matandazo mazito ya sentimita 15 hivi. Ni kamari. Kinachoua huwa maji ya Januari pamoja na baridi, na udongo mzito wa mfinyanzi una vyote viwili. Ukiwa Lushoto kiazi hichohicho kingekaa chini mwaka hadi mwaka bila mtu kukigusa. Huku ni kazi, na kama huna stoo, gereji wala kabati la baridi, jihesabie kwamba unanunua dalia upya kila mwaka.

Krisanthemu

Chini ya jina hili maduka huuza vitu viwili tofauti, na malalamiko mengi ninayoyasikia yanatokana na kutovitenganisha.

Cha kwanza ni kile chungu cha supamaketi. Kimekuzwa ndani ya kitalu nyumba, kikapewa dawa za kudumaza urefu, kikachanua kwa ratiba. Ni shada la maua lenye mizizi. Kifurahie kwa wiki nne hadi sita kikiwa nje kibarazani, mahali pa baridi, ukikimwagilia kabla udongo haujakauka kabisa, kisha kiage bila majuto. Ukikipanda kwenye udongo Novemba kina nafasi ndogo ya kuvuka, na kikivuka kitarefuka na kuonekana mmea mwingine kabisa. Ununuapo, chagua chenye matumba mengi yaliyofungwa yanayoonyesha rangi kidogo. Kilichochanua chote dukani kimeshatumia nusu ya maisha yake.

Cha pili ni krisanthemu za bustani zinazorudi kila mwaka, na hizi mara nyingi huzipati supamaketi. Utazitafuta kwa wakulima wa miche, kwa majina. 'Clara Curtis' ya rangi ya waridi huwahi, kuanzia mwishoni mwa Agosti. 'Ruby Mound' ya rangi ya damu ya mzee huja Oktoba. 'Emperor of China', ya waridi iliyopauka kama fedha, huanza mwishoni mwa Oktoba na kwenda Novemba yote mwaka ukiwa mpole, na majani yake hupata wekundu kadiri baridi inavyozidi. Ni nadra dalia au asta kukufikisha huko.

Sababu ya kuchelewa kwake ni urefu wa usiku. Krisanthemu huanza kuunda matumba pale tu usiku unapokuwa mrefu vya kutosha. Jambo hili la mimea kupima usiku na mchana lilielezwa na Wamarekani Garner na Allard mwaka 1920, walipokuwa wakichunguza tumbaku na soya, na tangu hapo wakulima wa maua wamelitumia kama swichi: wanafunika kitalu kwa kitambaa cheusi ili mmea uchanue, au wanawasha taa usiku ili usichanue. Kwetu kwenye Ikweta, ambako mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, krisanthemu ingechanua mfululizo. Ndiyo maana kwenye mashamba ya Uganda yanayozalisha vipandikizi vya krisanthemu kwa soko la Uholanzi huwashwa taa usiku, kuuzuia mmea mama usitoe maua ili uendelee kutoa vichipukizi. Chungu unachokiona mlangoni mwa duka huenda kilianza safari kama kijiti cha sentimita chache karibu na Ziwa Victoria, kikapanda ndege.

Kwako wewe maana yake ni hii: usiiweke krisanthemu chini ya taa ya barabarani au ile taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha. Itakaa na majani mazuri mpaka Desemba ikikungoja uzime.

Kazi yake ni ya kati. Kata ncha mwishoni mwa Mei au mwanzo wa Juni ili ijazane, ipe vijiti vichache vya kuegemea, na hakikisha maji hayatuami mizizini wakati wa baridi, kwa kuwa unyevu huiua kuliko baridi yenyewe. Baada ya maua usiikate yote. Acha mashina makavu yaikinge hadi Machi. Angalia pia kutu nyeupe: madoadoa ya njano juu ya jani na vipele vyeupe chini yake. Mmea wenye hiyo ung'oe na uutupe nje ya lundo la mboji.

Faida yake kubwa iko mezani. Dalia iliyokatwa ikidumu siku sita umebahatika, wakati krisanthemu inakaa wiki mbili, wakati mwingine tatu, mradi ubadilishe maji na kuondoa majani yaliyozama. Lakini angalia unampelekea nani. Japani ua hili, lenye petali 16, ni alama ya familia ya mfalme. Ufaransa na Ubelgiji ni ua la makaburini, linalobebwa kwa maelfu tarehe 1 Novemba. Mgeni anayebisha hodi kwa wakwe huko Lille akiwa na krisanthemu mkononi atapokewa kwa heshima, na mama mwenye nyumba atalitafutia pa kulificha.

Wenye paka na mbwa wakumbuke kwamba majani yake ni sumu kwao. Si ajabu: pareto ya Nakuru, Iringa na Musanze, inayotengenezewa dawa ya kuua wadudu, ni binamu yake wa karibu, na hapo zamani wataalamu waliiweka kwenye kundi hilohilo la krisanthemu. Dalia pia inaweza kumsumbua mnyama akiitafuna. Asta haina tatizo hilo.

Asta

Asta haivutii dukani. Septemba ikiwa kwenye kopo ni kichaka cha majani membamba na vinyota vidogo vya zambarau, na jirani yake dalia anawaka. Ipe miaka miwili ardhini ndipo uiamue.

Waingereza waliipa jina la sikukuu ya Malaika Mikaeli, tarehe 29 Septemba, kwa kuwa huwa imechanua siku hiyo. Wakati huo kichaka kimoja cha asta kina mamia ya maua kwa mara moja. Bluu yake ni rangi adimu msimu huu. Dalia haina bluu ya kweli, na krisanthemu haina pia. Bustani yenye shaba, njano na nyekundu tupu huchosha macho. Weka asta moja katikati na rangi nyingine zote zinapata mahali pa kusimama.

Kosa ni kununua asta yoyote. Kuna kundi liitwalo Symphyotrichum novi-belgii, ambalo ndilo linalojaa vyunguni madukani, fupi na la kupendeza, na ambalo ubwiri unga hulishambulia mpaka majani yanaonekana yamenyunyiziwa unga wa ngano. Kundi la pili, Symphyotrichum novae-angliae, ni refu, lina majani yenye vinyweleo, na ugonjwa huo hauligusi sana. 'Andenken an Alma Pötschke', ya waridi kali, ni ya kundi hili. La tatu ni Aster × frikartii 'Mönch', iliyotokana na kazi ya Mswisi Frikart na kupewa jina la mlima wa kwao. Hii huanza Julai na kumaliza Oktoba, haifiki mita moja, haiugui ubwiri, na maua yake ya bluu ya urujuani ni makubwa kuliko ya ndugu zake. Ukinilazimisha nitaje mmea mmoja tu wa msimu huu kwa mtu asiye na muda, nitataja huo, kwa sharti kwamba udongo wako haushiki maji.

Kasoro zipo. Asta ndefu huvua majani ya chini na kubaki miguu mitupu kufikia Septemba, kwa hiyo panda kitu kifupi mbele yake. Mwishoni mwa Mei kata theluthi ya juu kwa mkasi bila huruma. Itachelewa kidogo lakini itasimama bila vijiti. Na usiitegemee sana kwa meza: maua ya novae-angliae hujifunga jioni, na ukiyakata mengi hubaki yamejifunga ndani ya nyumba. Mgeni akifika saa mbili usiku atakuta shada limelala.

Wadudu ndio wanaoijua thamani yake. Simama mbele ya asta saa sita mchana siku ya jua katikati ya Oktoba: nyuki wa asali, nyuki-bambi (wale wanene wenye manyoya) wa mwisho wanaojinenepesha kabla ya kulala, nzi wenye mistari, vipepeo weusi wenye mkanda mwekundu, wote kwenye kichaka kimoja. Siku hizo mbochi, yaani maji matamu ya maua, ni adimu. Kule Amerika Kaskazini vipepeo wa monaki wanaosafiri kwenda Meksiko hujaza mafuta kwenye asta za porini njiani. Na hapa ujamaa wao na alizeti unasaidia kuelewa: unachokiita ua ni mkusanyiko wa maua madogo mengi, na chakula kiko kwenye yale ya kitovuni. Dalia na krisanthemu zilizojazwa petali zimebadilishwa kitovu hicho kuwa petali, kwa hiyo nyuki anatua, anatafuta, anaondoka. Unaweza kupanda dalia na bado ukawalisha, ila chagua zilizo wazi.

Wengine wa kutaja

Sedamu aina ya 'Herbstfreude' haihitaji chochote ila jua, na vichwa vyake vikavu hupendeza hata vikiwa na theluji. Anemone ya Japani ndiyo ya kwenye kivuli cha upande, hasa 'Honorine Jobert' nyeupe, ila ikishazoea hutambaa chini kwa chini na kuitoa ni vita. Nerine ya Afrika Kusini hupandwa kitunguu kikichungulia juu ya udongo, chini ya ukuta unaopigwa na jua, na hutoa maua ya waridi Oktoba bila jani hata moja. Na anayetaka kitu cha nyumbani kabisa atafute Kniphofia thomsonii, yenye vishada vya rangi ya machungwa, inayoota yenyewe kwenye nyanda za juu za Kenya, Uganda na Tanzania na inayochanua bustanini Uingereza hadi Oktoba.

Uchague lipi basi?

Unapanga fleti na una kibaraza tu: dalia fupi ya chunguni kwa Agosti na Septemba, kisha chungu cha krisanthemu badala yake Oktoba. Usinunue asta ndefu. Kwenye chungu hukauka haraka na kuugua.

Una bustani lakini unafanya kazi za zamu na hufiki nyumbani kabla ya giza: asta mbili, 'Mönch' mbele na ya novae-angliae nyuma. Kwa mwaka zitakudai mkasi mara mbili.

Unaishi Scotland au Minnesota: dalia utaipata kwa wiki chache kabla ya kuuawa, na kung'oa viazi si hiari. Asta ziko nyumbani kwao. Krisanthemu chagua zinazowahi kama 'Clara Curtis', maana 'Emperor of China' itakutwa na baridi ikiwa bado tumba.

Una kishamba cha kukodi kwa halmashauri na unapenda kupeleka maua kanisani, msibani au kwa wagonjwa: hapo dalia inalipa kila tone la jasho. Panda mstari mmoja mwisho wa tuta la mboga, ongeza krisanthemu za kukata ili zikushike Novemba.

Udongo wako ni mfinyanzi unaonata kwenye buti: asta za novae-angliae kwanza. Dalia zing'olewe kila mwaka, na krisanthemu ziinuliwe kwenye tuta.

Kama unaweza, ziangalie zikiwa zimechanua kabla hujatoa hela. Kule Colwall, karibu na vilima vya Malvern, Picton Garden inatunza mkusanyiko wa taifa wa asta za mapukutiko na hufunguliwa msimu wake. Anglesey Abbey huko Cambridgeshire ina bustani nzima ya dalia, na walioko Ufaransa wana Giverny ya Monet, ambayo haifungwi mpaka Novemba inapoanza. Piga picha ya lebo, si ya ua peke yake, maana rangi ya zambarau ina aina mia na muuzaji atataka jina. Viazi vya dalia vizuri huanza kuisha madukani Februari. Miche ya krisanthemu za bustani huagizwa majira ya kuchipua, na asta unaweza kuipanda hata leo, mradi udongo haujaganda.